Sukari ya Kasarani: Kipimo ambacho Papa Francis aliwaachia vijana wa Eastlands

Askofu Mkuu wa Nairobi, Philip Anyolo, alipoagiza mnamo Novemba 18, 2024 kwamba fedha zilizotolewa na Rais William Ruto siku moja kabla katika kanisa la Soweto, Embakasi, zirudishwe kwa mwenyewe, wachanganuzi wengi wa siasa waliliona jambo hilo kuwa ugomvi kati ya Ikulu na Kanisa Katoliki. Siku chache kabla ya hapo, maaskofu walikuwa wameikemea serikali hadharani, nayo serikali ikajibu bila kusita. Ilionekana kana kwamba mafahali wawili wamekutana katika zizi moja.

Lakini kwa kijana Mkatoliki wa mitaa ya Eastlands, kuanzia Soweto hadi Kaloleni, uamuzi huo una maana pana zaidi. Unahusiana na maneno yaliyotamkwa miaka tisa kabla yake katika uwanja wa Kasarani, pale Papa Francis alipowaambia vijana wa Kenya kuhusu utamu wa ufisadi na sumu ya ukabila.

Papa Francis aliaga dunia Aprili 21, 2025, Jumatatu ya Pasaka, akiwa na umri wa miaka 88. Mnamo Mei 8 mwaka huo huo, makadinali walimchagua Papa Leo XIV kuchukua nafasi yake. Mara nyingi kiongozi wa dini anapofariki, kinachobaki ni picha yake ukutani na jina lake kwenye lango la shule. Swali linalostahili kuulizwa ni je, kiongozi huyu aliacha jambo lolote la kudumu katika maisha ya vijana waliomsikiliza?

Aliacha. Na thamani ya urithi wake ni kwamba hakuwaachia vijana sifa za kulipamba Kanisa, bali kipimo cha kulipimia Kanisa lenyewe pamoja na serikali.

Siku ya Kasarani

Itakumbukwa kwamba Papa Francis aliwasili Nairobi Novemba 25, 2015, wakati nchi ingali na majonzi. Mnamo Aprili mwaka huo, magaidi walikuwa wamewaua watu 148 katika Chuo Kikuu cha Garissa, wengi wao wakiwa wanafunzi. Siku iliyofuata kuwasili kwake, aliadhimisha Misa katika uwanja wa Chuo Kikuu cha Nairobi, chini ya mvua. Asubuhi ya Novemba 27, alizuru Kangemi, ambako aliwashutumu wanaonyakua ardhi ya mijini, hata viwanja vya kuchezea vya watoto wa shule. Kisha akaelekea Kasarani kukutana na vijana.

Huko Kasarani alikuwa ameandaliwa hotuba. Hakuisoma. Baada ya vijana wawili kumwuliza maswali, aliiweka kando akazungumza kwa Kihispania, huku mkalimani akiyafasiri maneno yake. Waliokuja wakitarajia mahubiri ya kawaida walipewa mazungumzo kama yale ya mzee na wajukuu.

Kuhusu ufisadi, aliufananisha na sukari. Alisema ni kitu kitamu na chepesi kupatikana, na kila mtu hukipenda, lakini mwisho wake ni maradhi ya mtu binafsi na ya nchi nzima. Aliwaonya wasiizoee ladha hiyo. Akaongeza jambo ambalo wakuu wengi wa taasisi hawathubutu kulikiri mbele ya umati: kwamba ufisadi haumo katika siasa pekee, bali umo katika taasisi zote, Vatikani ikiwemo. Na asiyeutaka, alisema, aanze yeye mwenyewe, kwa maana asipoanza yeye, jirani yake naye hataanza.

Kuhusu ukabila, alisema ni sawa na mtu aliyeficha mikono nyuma, na kila mkono umeshika jiwe la kumrushia mwenzake. Dawa yake, alieleza, ni sikio la kumsikiliza mwingine, moyo wa kumpokea na mkono wa kumshika. Kisha akawaomba wote wasimame washikane mikono.

Chai na sukari

Wageni wengi mashuhuri wamewahi kuzuru Kenya na kuukemea ufisadi. Kwa nini basi mfano wa sukari ulidumu ilhali hotuba nyingine zilisahaulika pindi ndege ya mgeni ilipopaa?

Sababu ya kwanza imo katika lugha yetu. Mkenya haombi hongo. Huomba "chai", ama "kitu kidogo". Papa, ambaye hakukijua Kiswahili, alitaja kiungo kile kile kinachoikamilisha chai. Alipotaja maradhi yanayosababishwa na sukari, Kiswahili kilikuwa tayari na jina lake: kisukari. Kwa hiyo msikilizaji wa Nairobi hakuhitaji maelezo. Mfano ulijitafsiri wenyewe.

Sababu ya pili ni hali ya maisha. Kijana wa Kaloleni anaishi karibu na Eneo la Viwanda, mahali ambapo vijana hujipanga langoni alfajiri wakitafuta kibarua cha siku. Anajua kwamba pale penye kazi moja na waombaji mia, huchipuka mtu wa kati mwenye kuuza nafasi. Anasikia malalamiko yale yale kila makurutu wa polisi na jeshi wanaposajiliwa. Sukari anayoijua si ya mabilioni yanayotajwa katika kamati za Bunge tu. Anaijua ile ya shilingi mia mbili, inayotolewa ili mlango ufunguke. Hapo ndipo mtihani ulipo, kwa kuwa asiyetoa hulala njaa, na anayetoa huanza kuizoea ladha.

Papa hakudai kwamba jambo hilo ni rahisi. Alipoulizwa jinsi ya kuwazuia vijana wasinaswe na makundi ya itikadi kali, jibu lake la kwanza halikuwa sala. Alijibu kwamba kijana asiye na elimu wala kazi ni windo jepesi. Maneno hayo yanavuka suala la ugaidi. Mnamo Juni 17, 2025, vijana walipokuwa wakiandamana jijini Nairobi kulalamikia kifo cha mwalimu Albert Ojwang mikononi mwa polisi, wahuni waliobeba marungu na mijeledi, wengine juu ya pikipiki, waliwavamia na kuwapiga. Waliopiga walikuwa vijana, na waliopigwa vilevile. Panapokuwa na kijana wa kukodiwa ampige kijana mwenzake, sukari imekwisha kuwa damu.

Kaloleni na jiwe lililofichwa

Mtaa wa Kaloleni, ulio kando ya Barabara ya Jogoo, ulijengwa katika miaka ya 1940 na halmashauri ya mji kwa ajili ya wafanyakazi Waafrika. Ni miongoni mwa mitaa ambako watu waliotoka sehemu mbalimbali za nchi walifunzwa na mazingira kuishi ukuta kwa ukuta. Ukumbi wake una nafasi yake katika historia ya uhuru. Ni humo ambamo Makhan Singh, kiongozi wa vyama vya wafanyakazi, alidai uhuru kamili wa nchi za Afrika Mashariki katika mkutano wa Aprili 23, 1950, mbele ya Waafrika na Wahindi waliokuwa wamekutana pamoja.

Ikiwa kuna mahali ambapo watu wa asili tofauti walishikana mikono muda mrefu kabla ya Kasarani, basi ni katika mitaa hii. Lakini Eastlands pia inajua jinsi mikono hiyo inavyoweza kuachana. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, ghasia ziliwaua Wakenya zaidi ya 1,100 na kuwafukuza wengine zaidi ya laki sita kutoka makwao. Majirani waliokula pamoja Krismasi walianza kuulizana majina ya ukoo kabla ya Mwaka Mpya. Wengi wa waliofanya hivyo walikuwa wakienda kanisani. Jiwe lilikuwa limefichwa nyuma ya mgongo hata wakati wa Misa.

Ndiyo maana funzo la mkono halipaswi kuchukuliwa kama mchezo wa jukwaani. Kanisa katika Afrika Mashariki lina chombo cha kulitekeleza, nacho ni jumuiya ndogo ndogo za Kikristo, ambazo maaskofu wa ukanda huu walizifanya kuwa nguzo ya uchungaji tangu miaka ya 1970. Katika jumuiya hizo, majirani husali nyumbani kwa mmoja wao kwa zamu, kwa Kiswahili, pasipo kuulizana walikotoka. Katika mtaa wenye mchanganyiko, mwenye nyumba anaweza kuwa Mluhya, msomaji Mjaluo na anayeongoza wimbo Mkamba. Huo ni mkono unaoshikwa kila wiki, wala si mara moja mbele ya kamera.

Kasoro ni kwamba katika parokia nyingi jumuiya hizi zimekuwa za kina mama na wazee. Vijana huonekana kwenye kwaya na michezo, lakini hawaonekani pale ambapo maamuzi hufanywa. Papa Francis aliliona tatizo hilo duniani kote. Aliitisha sinodi kuhusu vijana mnamo Oktoba 2018, na katika waraka wa Christus Vivit alioutia saini Machi 25, 2019, alisisitiza kwamba vijana si Kanisa la kesho, bali ni Kanisa la leo. Mnamo Novemba 1, 2022 alizungumza na wanafunzi wa vyuo vikuu vya Afrika kupitia mtandao, na Februari 2, 2023 alirejelea funzo la mikono mbele ya vijana mjini Kinshasa, akitumia vidole vitano kuwafundisha sala, jamii, uaminifu, msamaha na utumishi. Kasarani, kwa hiyo, haikuwa tukio la pekee. Ilikuwa sura moja ya somo refu.

Kizazi kilichokuja kudai jibu

Mtoto aliyekuwa na umri wa miaka 12 wakati Papa alipozuru Kenya alikuwa na umri wa miaka 21 vijana walipomiminika barabarani mnamo Juni 2024 kupinga Mswada wa Fedha. Walijitambulisha kuwa watu wasio na kabila, wasio na chama wala kiongozi. Mnamo Juni 25 waliingia Bunge, na siku iliyofuata Rais akatangaza kwamba hatatia saini mswada huo. Makumi ya vijana waliuawa katika maandamano ya mwaka huo.

Itakuwa si haki kudai kwamba Papa ndiye aliyewatuma. Sensa ya 2019 ilionyesha kuwa Wakatoliki ni takriban milioni 9.7, yaani mtu mmoja kati ya kila Wakenya watano, na waandamanaji walikuwa wa dini zote na wasio na dini. Ghadhabu yao ilitokana na kodi, gharama ya maisha na ukosefu wa kazi. Hata hivyo mambo mawili waliyoyakataa, ufisadi na ukabila, ndiyo yale yale mawili yaliyotawala mazungumzo ya Kasarani. Kijana Mkatoliki aliyekuwa miongoni mwao hakuhitaji kuiacha imani yake mlangoni ili aandamane.

Zaidi ya hayo, vijana hao waliugeuzia uso mlango wa kanisa. Walidai makanisa yaache kuwapa wanasiasa jukwaa na yakome kupokea mamilioni yao. Madai hayo hayakuwa mageni. Mnamo Septemba 2021, Askofu Mkuu wa Kianglikana Jackson Ole Sapit aliwanyima wanasiasa nafasi ya kuhutubu kanisani, na maaskofu Wakatoliki wakachukua msimamo kama huo. Tatizo lilikuwa utekelezaji. Mwanasiasa alinyimwa kipaza sauti, lakini bahasha yake haikunyimwa njia.

Ndipo ikaja Novemba 2024. Katika taarifa yao ya Novemba 14, maaskofu walilalamikia, pamoja na mengine, mazoea ya uongo miongoni mwa watawala. Jumapili iliyofuata, Novemba 17, Rais Ruto alihudhuria Misa Soweto akatoa shilingi 600,000 kwa kwaya na watoto wa Shirika la Kipapa la Utoto Mtakatifu, na shilingi milioni 2 za kujenga nyumba ya padre. Aliahidi milioni 3 zaidi pamoja na basi la parokia. Kesho yake Askofu Mkuu Anyolo akaagiza zirejeshwe, akisema kwamba Kanisa halipaswi kutumiwa kisiasa.

Gharama ya kukataa

Wengi walishangilia. Lakini uchambuzi wa haki hauwezi kuishia kwenye makofi. Waliopoteza shilingi 600,000 siku hiyo si maaskofu. Ni wanakwaya na watoto wa parokia ya mtaa wa watu wa kipato cha chini. Sare za kwaya hugharimu fedha. Nauli ya kwenda kwenye mashindano ya uimbaji hugharimu fedha. Anayeamuru sukari imwagwe anapaswa kujua ni nani atakayekunywa chai chungu.

Hili ndilo jambo ambalo litaamua kama urithi wa Papa Francis utadumu au la. Ikiwa Kanisa litakataa fedha za wanasiasa kisha liwaache vijana mikono mitupu, kijana atajifunza kwamba uadilifu ni anasa ya wenye nacho. Atamfuata mwanasiasa nje ya ua wa kanisa, mahali ambapo askofu hana amri. Na mwanasiasa atampokea kwa mikono miwili, kwa kuwa kampeni huhitaji vijana wa kupiga kelele na, kama ilivyoonekana Juni 2025, wa kupiga watu.

Kwa upande mwingine, ikiwa parokia itawafungulia vijana vitabu vyake vya hesabu, ikawaonyesha zaka imeingia kiasi gani na imetumika wapi, ikawapa viti katika halmashauri ya parokia wala si kazi ya kupanga viti pekee, basi kukataa fedha kutakuwa na mizizi. Harambee ya shilingi hamsini hamsini kutoka kwa kila jumuiya haina utukufu wa mamilioni ya mheshimiwa, lakini haidai kura. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba hicho hakina bwana.

Alikiri Papa mwenyewe kwamba hata Vatikani kuna ufisadi. Kwa kukiri hivyo aliwapa vijana ruhusa ya kuuliza maswali ndani ya nyumba yao wenyewe. Hilo si jambo dogo katika utamaduni ambao padre huitwa Baba na baba haulizwi. Paroko anayeuona udadisi wa vijana kuwa utovu wa adabu atakuwa amepingana na funzo la Kasarani, hata kama picha ya Papa imetundikwa ofisini mwake.

Mipaka ya ushawishi

Si kwamba vijana Wakatoliki wa Kenya walikubaliana na Papa Francis katika kila jambo. Mnamo Desemba 2023, Vatikani ilipotoa tamko lililoruhusu mapadre kuwabariki watu walio katika uhusiano wa jinsia moja, waumini wengi barani walishtuka. Maaskofu wa Afrika, kupitia kwa Kadinali Fridolin Ambongo, walitangaza Januari 2024 kwamba baraka hizo hazitatolewa katika makanisa yao. Wapo vijana ambao hadi leo wanamlaumu kwa hilo.

Aidha, hakuwa papa wa kwanza kuwavutia vijana wa nchi hii. Papa Yohane Paulo II alizuru Kenya mara tatu, mwaka wa 1980, 1985 na 1995, na ndiye aliyeanzisha Siku ya Vijana Duniani. Wazazi wengi wa Eastlands waliwapa watoto wao jina lake. Tofauti ni kwamba kizazi kile kilimpokea papa kwa heshima kutoka mbali. Kizazi cha Kasarani kilimwuliza maswali, kikajibiwa.

Tofauti hiyo inaeleza kwa nini mtu anaweza kutokubaliana na Papa Francis katika jambo moja na bado akaendelea kuutumia mfano wake wa sukari. Ushawishi wa kweli wa kiongozi wa dini si ule unaowafanya watu waseme ndiyo kwa kila neno. Ni ule unaowapa maneno ya kufikiria nayo wakati yeye hayupo tena.

Pale Kasarani, Papa aliwaonyesha vijana vitu viwili ambavyo alivibeba mfukoni siku zote: rozari na kijitabu cha Njia ya Msalaba. Alisema kwa vitu hivyo hakukata tamaa. Hakuwaonyesha hundi, na hakuwaahidi basi.

Uchaguzi Mkuu wa 2027 ndio kipimo kikubwa cha urithi huo, kwani msimu wa kampeni ndio msimu wa bahasha na wa mawe. Katika Kaloleni na mitaa jirani, swali halitakuwa ikiwa vijana wanaukumbuka mfano wa sukari. Wengi wanaukumbuka. Litakuwa ikiwa paroko, kwaya na jumuiya watakaa mezani na kukubaliana mapema watakavyonunua sare na kulipa nauli, ili bahasha itakapokuja, pasiwe na haja ya kumsubiri Askofu Mkuu aamuru irudishwe.